Fomu, idiali au topografu: uingilie wapi nadharia ya fomu za kwadratiki?

Chukua namba tasa 29, 7, 3 na 23. Ya kwanza ni 3² + 5·2². Tatu zilizobaki haziandikiki kama x² + 5y², hata ujaribu namba kamili zozote. Lakini hebu zizidishe zenyewe kwa zenyewe. 7 mara 3 ni 21, na 21 ni 1² + 5·2². 7 mara 23 ni 161, na 161 ni 9² + 5·4². Fermat aliiona tabia hii katika karne ya 17 bila kuithibitisha, na juhudi za kuieleza ndizo zilizojenga sehemu kubwa ya nadharia ya namba tuliyo nayo leo.

Anayetaka kuielewa hukuta njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni ya fomu zenyewe, yaani semi za aina ax² + bxy + cy² zenye vizigeu a, b na c ambavyo ni namba kamili. Lagrange aliianzisha miaka ya 1770, na Gauss akaikamilisha mwaka 1801. Ya pili ni ya idiali, yaani seti za namba zinazozidishwa kana kwamba kila seti ni namba moja, aliyoipanga Dedekind mwaka 1871 akijenga juu ya kazi ya Kummer ya miaka ya 1840. Ya tatu ni topografu, mchoro aliouvumbua John Conway, ambao unaziweka thamani zote za fomu kwenye mti mmoja usio na mwisho.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Njia mbili za kwanza huhesabu kitu kilekile, na ya tatu hukionyesha kwa macho. Zinachotofautiana ni mahali kazi ngumu inapoangukia. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: ni kazi ipi uko tayari kuifanya kwa mkono, na ipi unataka ufanyiwe na nadharia?

## Vigezo

Nitazipima njia zote kwa mambo sita: unachohitaji kujua kabla, wepesi wa hesabu kwenye karatasi, uwezo wa kujibu "kwa nini", hali inakuwaje diskriminanti ikiwa chanya, mitego, na umbali inakokufikisha. Mfano wa kupimia ni uleule niliouanza, x² + 5y².

Istilahi chache kwanza. Diskriminanti ya fomu ni D = b² − 4ac; ya x² + 5y² ni −20. Fomu mbili ziko katika tabaka moja ikiwa unaweza kuigeuza moja iwe nyingine kwa kubadilisha vigeu kupitia matriki ya namba kamili yenye determinanti 1. Fomu za tabaka moja hutoa namba zilezile. Nikisema "fomu" bila nyongeza, namaanisha ile ambayo vizigeu vyake vitatu havina kigawo cha shirika zaidi ya 1.

## Unachohitaji kujua kabla

Kwa fomu, aljebra ya sekondari, matriki za mbili kwa mbili na hesabu za mabaki zinatosha. Kwa topografu unahitaji hata pungufu ya hapo: kujumlisha, kutoa, na kanuni moja nitakayoitaja.

Idiali zinadai zaidi. Lazima uwe umeshakaa na ringi, nyuga na moduli (miundo ya aljebra dhahania) kiasi cha kutoziogopa, maana ufafanuzi wa kwanza tu unakutaka uichukulie seti nzima ya namba kama kitu kimoja cha kuzidisha. Nimeona watu wenye kipaji wakikata tamaa hapa kwa sababu moja tu: waliambiwa idiali ni jibu kabla hawajaliona swali.

## Hesabu kwenye karatasi

Hapa ndipo fomu zinapong'aa. D ikiwa hasi na a chanya, kila tabaka lina fomu moja tu iliyopunguzwa, yenye |b| ≤ a ≤ c (na b isiyo hasi pale ambapo |b| = a au a = c). Kutokana na masharti hayo, a haiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha |D|/3. Kwa D = −20 kikomo hicho hakifiki 3, kwa hiyo a ni 1 au 2. Ukimaliza kujaribu unabaki na fomu mbili tu: x² + 5y² na 2x² + 2xy + 3y². Orodha imekamilika, na umeipata kwa dakika chache bila nadharia yoyote nzito.

Sasa angalia mabaki. Namba tasa, ukiacha 2 na 5, zinazotolewa na fomu ya kwanza huacha 1 au 9 zikigawanywa kwa 20. Za fomu ya pili huacha 3 au 7. Ongeza kanuni ya urejeano wa kwadratiki, inayosema ni namba tasa zipi ambazo −5 ni mraba ndani ya mabaki yake (yaani x² + 5 hugawanyika kwa namba hiyo kwa x fulani), na jibu limetimia: namba tasa isiyo 2 wala 5 ni x² + 5y² pale tu inapoacha 1 au 9 kwa 20.

Kuzidisha matabaka, yaani kutoka kwenye fomu mbili kupata ya tatu inayotoa mazao ya namba zao, ndiko kunakowachosha wanaofuata fomu. Gauss aliifafanua operesheni hiyo kwa ujumla wake wote, na kurasa zake hazisomeki haraka. Bahati nzuri Dirichlet alituachia njia nyepesi. Zikiwa fomu mbili zenye vizigeu (a₁, B, a₂C) na (a₂, B, a₁C), zao lao ni (a₁a₂, B, C). Jaribu kwa D = −23: (2, 1, 3) na (3, 1, 2) zina B = 1 na C = 1, hivyo zao ni (6, 1, 1), ambayo ukiipunguza inakuwa (1, 1, 6), fomu kuu, yaani ile iliyopunguzwa yenye a = 1. Mstari mmoja umekwisha. Lakini kwa nini ifanye kazi hivyo? Fomu zenyewe hazisemi.

Kwa idiali mambo yanapinduka. Kuzidisha ni rahisi kabisa: zidisha kila jenereta kwa kila jenereta. Ndani ya namba za aina x + y√−5, chukua idiali P = (2, 1 + √−5), yaani jumla zote za vigawe vya jenereta zake mbili, 2 na 1 + √−5. P mara P inatoa 4, 2 + 2√−5 na −4 + 2√−5, na ukizisafisha unabaki na (2) tu. Kigumu ni kujua kama idiali mbili ziko katika tabaka moja, au kama idiali fulani inatokana na namba moja, yaani ni vigawe vya namba moja tu. Je, (7, 3 + √−5) inatokana na namba moja? Ukiitazama tu hutajua.

Na njia rahisi ya kujua ni ipi? Ni kurudi kwenye fomu. Chukua 7x + (3 + √−5)y, tafuta nomi yake, yaani izidishe kwa jozi yake yenye −√−5, kisha gawanya kwa 7 ambayo ni nomi ya idiali. Unapata 7x² + 6xy + 2y². Ipunguze: inakuwa 2x² + 2xy + 3y². Si fomu kuu, basi idiali haitokani na namba moja, na ndiyo maana 7 si x² + 5y². Sijui hesabu fupi inayoonyesha vizuri kuliko hii jinsi nadharia hizi mbili zinavyohitajiana.

Kwenye topografu kila eneo kati ya matawi ya mti hubeba thamani moja ya fomu f. Kanuni ni moja: f(u+v) + f(u−v) = 2(f(u) + f(v)), ambapo u na v ni jozi za (x, y). Ukijua thamani za maeneo matatu yanayokutana, unapata ya nne. Kwa x² + 5y² anza na 1 na 5. Pande zote mbili ni 6. Vuka ukingo kati ya 1 na 6 na unapata 2(1 + 6) − 5 = 9. Vuka kati ya 6 na 9 na unapata 2(6 + 9) − 1 = 29. Namba zinapanda daima kadiri unavyotoka katikati, kwa hiyo baada ya hatua chache unaona kwamba 7 haitatokea popote. Ni uthibitisho halali. Ila kwa kuzidisha matabaka, mchoro huu haukusaidii.

## Kujibu "kwa nini"

Kwa nini 7 mara 3 inakubali? Mtu wa fomu anaonyesha utambulisho huu, ambao Lagrange aliufahamu:

(2x² + 2xy + 3y²)(2z² + 2zw + 3w²) = (2xz + xw + yz + 3yw)² + 5(xw − yz)²

Fungua mabano na utaona ni kweli. Weka x = 1, y = 1, z = 2, w = −3 na utapata 161 = 6² + 5·5², njia ya pili ya kuandika zao la 7 na 23. Uthibitisho ni kamili, lakini utambulisho wenyewe unaonekana kama umeshuka kutoka hewani.

Mtu wa idiali anajibu kwa sentensi moja. Matabaka ni mawili tu. Idiali za juu ya 7 na za juu ya 3 (zile zinazozigawa namba hizo) ziko katika tabaka lisilo kuu. Matabaka yakizidishwa huunda kundi, na katika kundi lenye elementi mbili, elementi isiyo kuu ikizidishwa kwa nafsi yake inarudi kwenye kuu. Jibu hilo halihitaji utambulisho wowote. Pia linaeleza kile kinachosumbua, kwamba 6 ni 2·3 na vilevile ni (1 + √−5)(1 − √−5): namba zimeshindwa kugawanyika kwa njia moja, lakini idiali hazijashindwa.

Ubora huu unaonekana zaidi mabaki yanapoishiwa nguvu. Kwa D = −23 kuna matabaka matatu: x² + xy + 6y², 2x² + xy + 3y² na 2x² − xy + 3y². Namba tasa 13 inatoka kwenye fomu ya pili, weka x = 2 na y = 1. Namba tasa 59 inatoka kwenye ya kwanza, weka x = 5 na y = 2. Zote mbili huacha 13 zikigawanywa kwa 23! Hakuna jedwali la mabaki litakalozitenganisha, na nadharia ya jenasi ya Gauss, inayoyapanga matabaka kwa mabaki ya namba zao, yenye nguvu kama ilivyo, inasimama hapo.

Njia ya idiali inaendelea. Inakupeleka kwenye uga mkubwa zaidi, uga wa matabaka wa Hilbert, na kutoka huko linashuka jibu ambalo kwangu ni la ajabu hadi leo: angalia polinomia x³ − x − 1. Ndani ya mabaki ya 59 ina vipeuo vitatu, yaani thamani za x zinazoifanya igawanyike kwa 59: 4, 13 na 42. Ndani ya mabaki ya 13 haina hata kimoja. Kwa namba tasa yoyote isiyo 23 ambayo −23 ni mraba ndani ya mabaki yake, fomu kuu huitoa pale tu polinomia hiyo inapopata vipeuo vyake vyote vitatu. Fomu zingekuonyesha kwamba 13 na 59 zinatofautiana. Zisingekuambia uangalie polinomia ya kipeo cha tatu.

Topografu hapa ina machache ya kusema, na haikukusudiwa kusema zaidi.

## Diskriminanti ikiwa chanya

D ikiwa chanya, fomu hutoa namba chanya na hasi, na tabaka moja huwa na fomu kadhaa zilizopunguzwa zinazofuatana kwa mzunguko. Hesabu zinawezekana, ila zinachosha, na msomaji mpya hupotea haraka kwenye mizunguko hiyo.

Topografu inashinda hapa bila mashaka. Kati ya thamani chanya na hasi (D isipokuwa mraba) unapita mstari ambao Conway aliuita mto, na mfuatano wa thamani kandokando yake hujirudia. Chora x² − 3y²: upande chanya ni 1, 1, 1 bila kukoma, upande hasi ni −3, −2, −3, −2. Kwa kuwa thamani huzidi kuwa kubwa kadiri unavyouacha mto, −1 haimo kabisa. Kujirudia kwa mto ndiko kunakozalisha masuluhisho yasiyo na idadi ya mlinganyo wa Pell, x² − 3y² = 1. Mwanafunzi akiuchora mto huo kwa mkono wake, hasahau.

Idiali zinahitaji uangalifu. Uga wa √3 una tabaka moja tu la idiali, lakini fomu zenye D = 12 zina matabaka mawili, la x² − 3y² na la −x² + 3y². Hesabu haijakosewa. Sababu ni kwamba hakuna yuniti (namba x + y√3 ambayo kinyume chake nacho ni cha aina hiyo) yenye nomi −1, jambo ambalo mto umetuonyesha sasa hivi, na kwa hiyo ulinganifu na fomu unadai kundi la matabaka finyu, linaloangalia pia alama ya nomi. Kwa √2 tatizo halipo, maana 1² − 2·1² = −1. Vitabu vingi vya idiali huliweka hili pembeni. Ukija na fomu mkononi utaligonga siku ya kwanza.

## Mitego

Kwenye fomu, mtego mkubwa ni kuruhusu matriki zenye determinanti −1. Ukiziruhusu, zile fomu mbili za D = −23, 2x² + xy + 3y² na 2x² − xy + 3y², zinakuwa kitu kimoja, kundi lenye elementi tatu linabaki na vitu viwili, na kuzidisha hakuna maana tena. Gauss ndiye aliyesisitiza utofauti huu, na bila huo hakuna kundi. Jihadhari pia na maandiko ya zamani: yeye aliandika ax² + 2bxy + cy², kizigeu cha kati kikiwa shufwa, kwa hiyo majedwali yake hayalingani moja kwa moja na ya leo.

Kwenye idiali, mtego uko pale diskriminanti inapotokana na ringi isiyo kamili, yaani ndogo kuliko ringi nzima ya namba kamili za uga wake. Chukua namba za aina x + y√−3, zenye D = −12, na idiali I = (2, 1 + √−3). Ukiizidisha kwa nafsi yake unapata 2I, ingawa I si (2). Kufutana kumevunjika, na mgawanyiko wa kipekee umekwenda nao. Suluhisho ni kuchukua idiali zenye kinyume pekee. Upande wa fomu, I inalingana na 2x² + 2xy + 2y², ambayo vizigeu vyake vina kigawo cha shirika 2, na kwa hiyo tulikwishaiacha nje tangu mwanzo. Fomu zililiona tatizo mapema kuliko idiali.

Topografu ina mtego mdogo: inaonyesha thamani ambapo x na y hazina kigawo cha shirika. Thamani 4 ya x² + 5y², inayotoka kwa x = 2 na y = 0, usiitafute mchoroni.

## Inakufikisha wapi

Idiali zinakwenda mbali kuliko zote: nyuga za kipeo cha tatu, cha nne na kuendelea, nadharia ya nyuga za matabaka, na jiometri ya kisasa ya namba. Ukikusudia kusoma utafiti wa leo, lugha hiyo huikwepi.

Fomu hazijazeeka, ingawa wengi hudhani hivyo. Kompyuta inapohesabu kundi la matabaka la uga wa kwadratiki, mara nyingi ndani yake inazidisha na kupunguza fomu, kazi ambayo Daniel Shanks aliiendeleza sana. Programu ya PARI/GP ina amri ya qfbred kwa ajili ya kupunguza. Mwaka 1988 Buchmann na Williams walipendekeza kutumia makundi hayo katika usimbaji wa siri. Kisha Manjul Bhargava, mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaisoma upya operesheni ya Gauss kupitia mchemraba wenye namba nane kwenye pembe zake, akapata operesheni nyingine mpya, na mwaka 2014 akatunukiwa medali ya Fields.

Topografu haifiki huko. Kazi yake ni kukupa macho, na kwa D chanya hakuna mwalimu aliye mwepesi kuliko huo.

## Uchague vipi

Kama uko sekondari au mwaka wa kwanza wa chuo na unapenda namba, anza na topografu kwa fomu mbili tatu, moja ikiwa na D chanya, kisha hamia kwenye fomu. Orodhesha matabaka ya D = −20, −23 na −56 kwa mkono. Idiali zisubiri hadi uchoke na operesheni ya Dirichlet na uanze kudai sababu.

Kama umeshasoma aljebra dhahania na mtihani wako ni wa nadharia ya namba ya kialjebra, ingia kwa idiali, lakini kila idiali unayokutana nayo kwenye uga wa kwadratiki igeuze kuwa fomu angalau mara moja. Vinginevyo utazijua kanuni na kushindwa kusema kama (7, 3 + √−5) inatokana na namba moja.

Kama wewe ni mtu wa programu na unataka kuhesabu makundi ya matabaka, chukua fomu, na uwe mkali juu ya determinanti 1. Ukihitaji D chanya, soma kwanza kuhusu matabaka finyu, la sivyo majibu yako yanaweza kutofautiana na ya programu nyingine kwa kizidisho cha 2 na utatafuta kosa lisilokuwepo kwenye msimbo.

Kama unachotaka ni mlinganyo wa Pell pekee, au unafundisha mlinganyo huo, topografu inatosha.

Na kama swali linalokuchoma ni lile la 13 na 59, yaani namba tasa zipi hutolewa na fomu ambayo mabaki hayaitenganishi, basi idiali ndiyo njia. Nenda nayo polepole hadi uga wa Hilbert, na beba D = −23 kama mfano wako kila hatua, maana ndiyo diskriminanti hasi iliyo karibu zaidi na sifuri ambapo jambo hilo hutokea.